Bibi wa Obama, Babu wa Kogelo na Siri za Nyumba Zetu

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya kwenye gazeti, wiki hii nataka tujadili jambo ambalo watu wengi hulikwepa. Waswahili husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini sisi hao hao tumelelewa tukiambiwa kwamba ya nyumbani huishia nyumbani, na anayeyatoa barazani hana adabu. Sasa mwanasiasa anayepanda jukwaani, mbele ya taifa zima, akasema kwamba bibi yake mzazi, aliyemlea na kumsomesha, alikuwa na chembe ya ubaguzi wa rangi, tumwite mkweli au tumwite mtovu wa adabu?

Mwanasiasa mwenyewe ni Barack Obama, na siku yenyewe ni tarehe 18 Machi 2008, mjini Philadelphia. Wakati huo alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, akigombea kuteuliwa na chama cha Democratic kuwania urais wa Marekani. Siku chache kabla ya hapo, televisheni zilikuwa zimeonyesha mahubiri ya mchungaji wake wa Chicago, Jeremiah Wright, mahubiri yenye maneno makali dhidi ya Marekani na juu ya yale ambayo watu weusi wametendewa huko. Wapinzani walidai amkane mchungaji huyo. Obama alijibu kwa hotuba ndefu juu ya rangi na historia ya nchi yake. Ndani yake alisema hawezi kumkana mchungaji wake, kama asivyoweza kumkana bibi yake Mzungu. Akaeleza kwamba bibi huyo alimpenda kama alivyopenda kitu kingine chochote duniani, lakini aliwahi kukiri kwamba huwaogopa wanaume weusi wanaopishana naye njiani, na zaidi ya mara moja alitamka maneno juu ya watu wa rangi nyingine yaliyomfanya mjukuu wake aone haya.

Maneno hayo machache ndiyo yaliyozua mjadala. Bibi mwenyewe, Madelyn Dunham, alikuwa hai bado. Alikuwa mwanamke wa Kansas, mzaliwa wa 1922, aliyefanya kazi katika kiwanda cha ndege za Boeing wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baadaye alihamia Hawaii, akaanza kazi ya benki na kupanda mpaka akawa makamu wa rais wa Benki ya Hawaii mwaka 1970, wakati ambapo cheo kama hicho kilikuwa adimu mno kwa wanawake. Mshahara wake ndio uliobeba sehemu kubwa ya malezi ya mjukuu.

Wakosoaji walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ilihusu heshima. Walisema kijana amemtoa bibi yake mgonjwa sadaka ili ajiokoe kisiasa. Hofu ya mwanamke mzee iliyotamkwa chumbani, walisema, haiwezi kupimwa kwa mizani moja na mahubiri yaliyotolewa mimbarani mbele ya maelfu. Hoja ya pili ilihusu ukweli wa kisa. Obama alikwisha kukisimulia mwaka 1995 katika kitabu chake juu ya maisha yake, na humo kisa hakiko hivyo hasa. Kitabuni, bibi alikuwa kituo cha basi akisubiri kwenda kazini, akatokea ombaomba mmoja akamng'ang'ania, akampa dola, naye akaendelea kudai zaidi hata bibi akahofia kupigwa. Bibi alimsimulia mjukuu tukio hilo bila kutaja rangi ya mtu huyo. Babu, mzee Stanley, ndiye aliyemnong'oneza kijana kwamba mtu huyo alikuwa mweusi, na kwamba hilo ndilo lililomtisha bibi zaidi.

Tofauti hiyo si ndogo. Kumwogopa mtu mmoja aliyekusumbua kituoni ni kitu kimoja, na kuwaogopa wote wanaopita njiani ni kitu kingine. Siku mbili baada ya hotuba, katika mahojiano ya redio, Obama alijaribu kufafanua. Alisema bibi yake hakuwa na chuki, bali alikuwa kama Mzungu wa kawaida anayeshtuka akimwona njiani mtu asiyemjua, kwa sababu ndivyo alivyokuzwa. Ufafanuzi huo uliongeza moto badala ya kuuzima, maana sasa Wazungu wengi waliona wametiwa wote kapu moja.

Waliomtetea nao walikuwa na neno. Walisema kwa mara ya kwanza mgombea mkubwa amethubutu kusema jambo ambalo kila familia ya Marekani inalijua: kwamba mtu anaweza kukupenda wewe kwa moyo wote na bado akaogopa watu wanaofanana nawe. Tumezoea kumfikiria mbaguzi kuwa jitu katili lenye mjeledi. Hatukuzoea kumwona akiwa bibi anayekupikia na kukulipia ada.

Ndugu msikilizaji, mimi ni mtu wa Tinde, pale barabara inapogawanyika, moja ikienda Shinyanga na Mwanza, nyingine ikishika Kahama mpaka Rwanda na Burundi. Jambo hili la bibi naliona karibu sana. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisikia mlio wa Land Rover anatuita watoto wote ndani, kwa sababu Mzungu aliye ndani ya gari, kwa imani yake, ni mumiani anayetafuta damu ya watu akatengenezee dawa. Bibi huyo huyo alipougua macho alipelekwa misheni, sista wa Kizungu akamtibu, naye akarudi akimsifu kila jioni. Land Rover iliyofuata ikapita, na bibi akatuita ndani vile vile! Sista alikuwa sista, na Wazungu walibaki kuwa Wazungu. Ndivyo hofu ya aina hii inavyofanya kazi: mtu mwema unayemjua haibadilishi, humhesabu tu kuwa si kama wenzake. Naamini hata Barack, kwa bibi yake wa Honolulu, alikuwa hivyo.

Lakini tusizilinganishe hofu hizo mbili haraka haraka. Hofu ya bibi wa Tinde haikuwa na askari wala hakimu nyuma yake. Haikumnyima mtoto wa Kizungu shule. Hofu ya Wazungu juu ya watu weusi ilikuwa na sheria. Wazazi wa Obama walipofunga ndoa huko Hawaii, Februari 1961, majimbo mengi ya Marekani bado yalihesabu ndoa ya mweusi na mweupe kuwa kosa la jinai, na ilikuwa mpaka Juni 1967 ndipo Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipozifuta sheria hizo. Hata hapa Tanganyika enzi za mkoloni, shule, hospitali na mishahara vilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Kwa hiyo neno lile lile la jikoni huwa na uzito tofauti kufuatana na nani ameshika mpini.

Hapo ndipo ninapofika kwenye upande wa hadithi ambao sisi wa Afrika Mashariki hupenda kuuruka. Obama ana bibi wa Kansas, lakini pia ana babu wa Kogelo, mzee Hussein Onyango Obama, mtu wa Nyanza nchini Kenya aliyewahi kuwa mpishi wa Wazungu. Mwanawe, Barack mkubwa, alikwenda kusoma Hawaii mwaka 1959, akampenda Ann, binti Mzungu. Kwa mujibu wa kitabu hicho hicho cha 1995, mzee Onyango alimwandikia baba wa binti barua ndefu na kali ya kuipinga ndoa hiyo, akisema hataki damu ya ukoo wake ichafuliwe na mwanamke wa Kizungu. Tusisahau kwamba kijana alikwisha kuoa na kuacha mke nyumbani, kwa hiyo mzee alikuwa na sababu nyingine nzito ya kukataa. Hata hivyo neno la damu kuchafuliwa ni neno la rangi, na tukilisikia kwa Kaburu tunalitambua mara moja.

Katika hotuba ya Philadelphia babu huyo hakutajwa kwa jambo hilo. Aliyewekwa mizani moja na mchungaji ni bibi peke yake. Kisiasa naelewa kwa nini. Obama alitaka kuwaambia Wazungu kwamba anawajua, kwamba yeye ni wa kwao pia, na kwamba mapenzi yanaweza kuvumilia aibu. Lakini kwa upande wa haki nadhani mizani ilipungua. Kama unaifungua nyumba, ifungue milango yote miwili. Angesimulia kisa cha kituo cha basi kama kilivyokuwa, na karibu yake akaweka barua ya Kogelo, wasikilizaji wangeona kwamba anazungumza juu ya binadamu, na bibi asingebeba peke yake mzigo wa watu wengi.

Msimamo wangu basi ni huu. Alikuwa na haki ya kusema, na alifanya vizuri kusema. Sikubaliani na wanaodai kwamba aibu ya nyumba haisemwi kamwe. Lakini anayesimulia kosa la mzee wake anadaiwa mambo matatu: akisimulie kisa kikamilifu bila kukinyoosha kifae hoja yake, asimsaze ndugu mwingine mwenye kosa kama hilo, na abaki na mzee huyo baada ya kusema. La tatu Obama alilitimiza. Mchungaji aliyesema hawezi kumkana, alimkana mwishoni mwa Aprili mwaka huo huo. Bibi hakumkana. Mwezi Oktoba, kampeni zikiwa zimepamba moto, aliziacha akaruka mpaka Honolulu kumwona. Bibi alifariki dunia siku mbili kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Novemba, akiwa na umri wa miaka 86, bila kumwona mjukuu wake akichaguliwa kuwa rais.

Huku kwetu viongozi walichukua njia nyingine. Mwalimu Nyerere, Oktoba 1961, alisimama Bungeni wakati baadhi ya wabunge walipotaka uraia wa Tanganyika utolewe kwa kufuata rangi ya ngozi. Alikataa kwa ukali, hata akaonya kwamba Serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Alizungumzia kanuni na sheria. Njia hiyo ilitujengea nchi ambayo sheria yake haiulizi rangi, na kwa hilo tuna deni kubwa kwake. Lakini sheria huishia mlangoni. Haiingii jikoni kumsikiliza shangazi akimwambia binti, oa au olewa popote lakini si kwa watu fulani.

Na bei ya kunyamaza tumekwisha kuiona. Machi ile ya 2008 Obama alipokuwa Philadelphia, majirani zetu wa Kenya walikuwa wametia saini mapatano ya amani tarehe 28 Februari, baada ya zaidi ya watu 1,000 kuuawa kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007. Maneno ya ukabila yaliyoshika mapanga yale hayakuzaliwa siku ya kura. Watoto waliyasikia nyumbani, pamoja na chakula cha jioni.

Na sisi wa Shinyanga na Geita tusijifanye watazamaji. Miaka hiyo hiyo, kuanzia 2007, ndugu zetu albino walikuwa wakiwindwa na kuuawa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri wa dhahabu na samaki. Huo nao ni ubaguzi wa ngozi, na wa kutisha kuliko yote, maana ngozi yenyewe ni ya mtoto wa nyumba. Katika baadhi ya kesi waliotajwa walikuwa jamaa wa karibu. Kabla ya panga lilikuwapo neno: kwamba hawa hawafi, hupotea tu, kwamba mama aliyezaa hivyo ana mkosi. Neno hilo lilisemwa na wazee tuliowapenda, nasi tuliokuwa tumekaa hapo hatukuwajibu, kwa sababu ya adabu. Ikafika Machi 2009, Serikali ikaendesha kura za siri vijijini ili watu waandike majina ya wanaowashuku. Tufikirie vizuri maana yake: siri ya nyumba ilikuwa imefungwa sana hata ikabidi itafutiwe sanduku la kura.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ni adabu kumtaja bibi, najibu kwamba ipo adabu inayolinda wazee na ipo inayoua watoto, na mtu mzima hana budi kuzipambanua. Si lazima kila mtu apande jukwaani kama Obama. Inatosha kwamba siku mzee wako mpendwa anaposema neno lile, uweke chini kikombe, umwite kwa heshima yake yote, umwambie: hapana, bibi, hilo si kweli. Kisha uendelee kukaa naye.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.