Hirizi ya Mvuto na Mji wa Wageni

Neno mvuto lina kazi mbili katika mitaa ya Kariakoo, na wasemaji wake hawaoni ajabu kulitumia katika zote mbili. Kuna mvuto wa mapenzi, ambao mke huutafuta kwa ajili ya mume, na kijana kwa ajili ya mchumba. Tena kuna mvuto wa biashara, ambao mwenye duka huutafuta ili mpita njia asipite. Mganga mmoja hutoa dawa ya yote mawili. Si jambo dogo hili. Pale ambapo mume na mnunuzi hutajwa kwa tendo lile lile la kuvutwa pana historia iliyofichika, nayo ni historia ya mji wenyewe: jinsi mahali pa majirani palivyogeuka kuwa mahali pa wageni, na jinsi hirizi ilivyobadilika tabia pamoja na watu walioivaa.

Hirizi ni ya zamani kuliko Dar es Salaam. Neno limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kinga. Mtoto mchanga alivishwa hirizi ili asidhuriwe na kijicho, na msafiri aliivaa ili arudi salama. Basi kukinga ndiyo kazi yake ya kwanza. Kuvuta ni kazi ya pili, ijapokuwa nayo ni ya kale. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili, aliandika juu ya waganga, pepo na uchawi katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Msomaji wa kitabu hicho huona ya kuwa kwa watu wa Mrima wa siku zile uganga haukuwa kando ya maisha. Ulikuwa pamoja na arusi, kilimo, safari na mazishi.

Elimu ya kuandika hirizi ya mapenzi ilikuwa tawi la falaki. Aliyeitaka aliulizwa jina lake na jina la mama yake, kisha jina la ampendaye na la mama yake pia. Baba hakuulizwa. Herufi za majina hayo zilifanywa hesabu kwa utaratibu wa abjadi, alifu ikiwa moja, be mbili, jimu tatu. Jumla ikagawanywa kwa kumi na mbili, na baki ikaonyesha burji ya kila mmoja. Baada ya hapo ilitafutwa saa. Kazi ya kupatanisha nyoyo ilifaa saa ya Zuhura, hasa siku ya Ijumaa. Saa ya Zuhali iliepukwa, kwa kuwa ilihesabiwa kuwa ni ya uadui na utengano. Wino ulikuwa wa zafarani iliyoyeyushwa kwa marashi ya mawaridi, na chetezo cha ubani kiliwashwa kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Katikati ya maandishi aghalabu iliwekwa jedwali. Iliyo mashuhuri kuliko zote ina nyumba tisa, tarakimu moja mpaka tisa zikipangwa hata kila safu, wima, mlalo na mshazari, ikatoa kumi na tano. Tano hukaa katikati. Katika pembe nne huwamo mbili, nne, sita na nane, na herufi zenye thamani hizo, yaani be, dali, wau na he, zikisomwa pamoja hufanya jina Buduhu. Waliosadiki elimu hii waliliamini jina hilo kuwa na nguvu ya kuunganisha vilivyotengana. Waarabu waliliandika hata juu ya barua ili zifike salama, na mtu akifikiri ataona ya kuwa barua na mapenzi vina shida moja: vyote viwili hutaka kufika kwa mtu aliye mbali. Karatasi ilikunjwa, ikafukizwa, ikashonewa ndani ya ngozi au kitambaa, ikafungwa mkononi au kiunoni. Nayo ilivuliwa kabla ya kuingia chooni, maana ndani yake yalikuwamo maneno matukufu. Pengine maandishi yalifanywa juu ya sahani, yakaoshwa kwa maji, na maji hayo yakanywewa. Hilo ndilo kombe.

Masheikh hawakuwa na kauli moja. Wako waliokataa hirizi yo yote na kuiita ushirikina. Wako walioiruhusu ikiwa ni aya tupu za Kurani. Juu ya hirizi ya mapenzi walio wengi walikuwa wakali zaidi. Pembeni mwa walimu wa kitabu walikuwapo waganga wa Kizaramo, wenye tunguri na mikoba ya mizizi, na nguo za rangi tatu, kaniki nyeusi, bendera nyekundu na bafta nyeupe. Hawa hawakuhitaji karatasi. Hata hivyo mipaka haikuwa kuta, na mteja mmoja aliweza kupita kote kuwili katika juma moja bila kujiona mwenye nyuso mbili.

Jambo la kuangaliwa sana katika desturi hii ni lile swali la jina la mama. Kwa mnajimu lilikuwa hesabu tu. Lakini katika mji mdogo kujua jina la mama ya mtu ni kumjua mtu, na kujulikana naye. Mwalimu aliyeombwa kumvuta binti wa fulani aliyemfahamu mama yake, na kesho alikutana naye kisimani. Aliweza kukataa. Akikubali na madhara yakatokea, watu walijua mlango wa kubisha. Kwa hiyo ibada ile ndefu, pamoja na ada yake, kifungua mkoba chake na miiko yake, ilikuwa na faida ambayo haikuandikwa katika kitabu cho chote cha falaki: ilimweka mganga chini ya macho ya majirani.

Sultani Majid bin Said alianza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Wajerumani waliufanya makao ya serikali mwaka 1891, na Waingereza wakauteka mwaka 1916. Askari wa mizigo wa vita ile, waliokuwa wakiitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, ndio walioacha jina lao lililoharibika kidogo mahali palipowekwa kambi yao, nalo likawa Kariakoo. Mahali hapo pakawa soko, na kuzunguka soko zikasimama nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili. Chumba kimoja alikaa mwenye nyumba, vingine vikapangishwa kwa Mnyamwezi, Mluguru, Mmanyema au Mndengereko. Watu waliolala chini ya paa moja hawakujua mama zao ni akina nani. Mwaka 1957 mji ulihesabiwa kuwa na watu 128,742. Mwaka 2022 mkoa ulikuwa na watu 5,383,728.

Katika mji kama huo mapenzi yenyewe yalibadilika. Binti aliyefunzwa na kungwi alijua mvuto usiohitaji mganga: udi, liwa, dalia, kikuba cha asumini na mrehani, shanga za kiunoni. Haya si uchawi, na hakuna aliyeyaona hivyo, ijapokuwa chetezo kinachofukiza nguo za mke ndicho hicho hicho kinachofukiza hirizi. Lakini manukato humfaa mke ambaye mumewe yumo nyumbani. Mume wa mjini alikuwa na njia nyingi za kutoka, na talaka ilikuwa nyepesi ulimini. Hapo ndipo limbwata lilipopata soko lake, yaani dawa ambayo mke hudhaniwa kuitia katika chakula ili mume asione mwingine.

Hasara ya jina hili imewaangukia wanawake peke yao. Mwanamume akimsaidia mkewe kazi, au akirudi nyumbani mapema, jirani husema amelishwa limbwata. Mapenzi ya kawaida yakawa ugonjwa unaotafutiwa mshitakiwa. Tena dawa isiyojulikana ikitiwa chakulani yaweza kuwa sumu. Lakini haki yataka iulizwe kwa nini mke afike huko. Mke aliyeachwa zamani alitoka na kisanduku chake, na nyumba ikabaki kwa mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili, lakini haikusema waziwazi kama kupika na kulea ni juhudi. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ndipo Mahakama ya Rufani iliposema ya kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango; na hata hivyo mama huyo mwenyewe hakupata fungu, kwa kuwa mahakama iliona amekwisha kulitumia. Ambaye usalama wake wote umo katika moyo wa mtu mmoja ataulinda moyo huo kwa kila awezalo.

Hali ya mfanya biashara haiko mbali na hiyo. Soko jipya la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na kuzunguka soko hilo maduka yamesongamana, kumi yakiuza kitu kimoja kwa bei moja. Kwa nini mteja aingie hili asiingie lile? Wauzaji husimulia pia habari za chuma ulete, mteja ambaye noti yake huondoka na fedha zote za sanduku. Jambo hili si la Kariakoo tu. Katika maduka ya Tailandi huwekwa sanamu ya Nang Kwak, mwanamke aliyeinua mkono kuwaita wanunuzi, na watu wa huko huvaa takrut, bamba jembamba la madini lililochorwa maneno na alama, likaviringishwa na kusomewa. Maandishi yake aghalabu ni ya Kikhmer cha kale, ambayo wavaaji wengi hawayasomi, kama vile wavaaji wengi wa hirizi huku Pwani wasivyofahamu Kiarabu kilichomo.

Serikali nazo zilishughulika na waganga kwa hofu. Baada ya Kinjikitile na vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, watawala walijua ya kuwa dawa yaweza kuinua majeshi. Sheria ya uchawi ya mwaka 1928, ambayo ingali katika vitabu vya sheria, ilizikusanya nguvu zote za siri katika kapu moja. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilimtambua mganga kwa upande wa afya. Dawa ya mvuto haina makao katika hizo mbili, kwa maana asiyependwa si mgonjwa, na ampendaye si mchawi. Wakati huo huo tamaa ya bahati ilizaa uovu usiosemeka: katika sehemu za Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino waliuawa ili viungo vyao vifanywe dawa za utajiri, hata mwezi wa Januari 2009 serikali ikafuta vibali vya waganga, na Januari 2015 ikapiga marufuku wapiga ramli. Mwalimu wa jedwali la nyumba tisa hana sehemu katika damu hiyo. Lakini wauaji waliongojewa na mganga wa mbali, asiyejulikana mtaani, walifuata njia iliyokwisha kufunguliwa na biashara.

Siku hizi tangazo hubandikwa juu ya nguzo na kuta: kumrudisha mpenzi, kusafisha nyota, mvuto wa biashara, na namba ya simu. Mganga hujitaja kuwa ametoka Pemba, Tanga, Sumbawanga au Nigeria, popote pale mradi si hapa. Kazi huahidiwa kwisha kwa siku chache, na malipo hutumwa kwa simu. Jina la mama haliulizwi.