Taa Iliyowaka Kwenye Baridi Kali

Haya jamani, leo tuweke siasa pembeni. Kemia mimi nilifaulu kwa mbinde, lakini kisa hiki kimenikaa kichwani wiki nzima.

Mwaka 1839 Mjerumani Gustav Rose alitambulisha madini mapya kutoka milima ya Ural, Urusi, akayapa jina la Lev Perovski, kigogo wa serikali aliyependa kukusanya mawe. Ndiyo asili ya neno perovskaiti. Siku hizi ni jina la ukoo mzima wa fuwele zenye mpangilio wa aina ile.

Wamo na jamaa wa maabara: tabaka jembamba la risasi na iodini, kisha molekuli za kikaboni, kisha tabaka tena. Fikiria chapati zilizopangwa na karatasi katikati. Chapati ndiyo inayotoa nuru. Karatasi haiwaki, ila ndiyo inayoamua chapati ikae vipi.

Mwaka 1994, Masanao Era na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walipitisha umeme wa volti 24 kwenye fuwele hiyo. Ikatoa kijani kikali, kandela zaidi ya 10,000 kwa kila mita ya mraba! Kioo cha kompyuta yako hutoa mia chache tu. Tatizo: ilibidi taa ipozwe kwa nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwenye joto la chumbani nishati nyingi ilipotea bila kuwa nuru. Sasa nani ataweka taa ya hivyo sebuleni?

Mwaka huohuo David Mitzi wa IBM, Marekani, akitumia bati badala ya risasi, alionyesha kuwa ukinenepesha matabaka, fuwele huanza kupitisha umeme kama metali. Kwenye fuwele za risasi na iodini, unene hubadili rangi pia: tabaka moja kijani, yakiongezeka nuru inaelekea wekundu.

Kilichonishangaza zaidi ni cha 2014. Kundi la Hemamala Karunadasa, Stanford, lilichagua "karatasi" inayoyakunja matabaka ya risasi na bromini. Ukiyamulika kwa mionzi ya urujuanimno, yakishakunjwa hivyo hutoa nuru nyeupe, kutoka fuwele moja tu! Balbu za LED tulizozoea huhitaji chipu ya bluu iliyopakwa unga wa njano.

Mbona basi hazijajaa madukani? Unyevu huziharibu, na risasi ni sumu. Bati lingefaa kuchukua nafasi yake, lakini likikutana na hewa huharibika upesi.