Usafi wa moyo (Uamsho wa Bukoba)
Usafi wa moyo ni fundisho la Kikristo kwamba Mungu humpima mtu kwa yaliyo ndani, si kwa sura wala cheo. Msingi wake ni heri za Mathayo 5 na karipio la Yesu kwa Mafarisayo katika Mathayo 23. Huko Uhaya, nchi ya Maruku, Bukoba na Muleba, lilipata nguvu mpya kupitia Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na Uganda na kuvuka mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930.

Walokole, yaani wafuasi wa uamsho huo, hawakuwalenga wapagani tu. Waliwageukia waliokwisha kubatizwa: cheti cha ubatizo na kiti cha mbele kanisani havikuwatosha. Walidai toba ya wazi. Mtu alisimama mbele ya wenzake, akazitaja dhambi zake, kisha akarudisha alichoiba. Hapo ndipo penye utata, na si mdogo: ungamo la hadharani laweza lenyewe kugeuka onyesho, na mwenye machozi mengi akadhaniwa mtakatifu kuliko aliyetubu chumbani kimyakimya. Mivutano na viongozi wa kanisa haikukosekana.

Hata hivyo uamsho haukubaki pembeni. Josiah Kibira (1925–1988), aliyeokoka katika vuguvugu hilo, alimrithi Mswidi Bengt Sundkler kama askofu wa Kilutheri Bukoba mwaka 1964, na akawa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984.