Kuchanjwa na Kujipaka: Pambo la Kila Siku la Mama wa Uwanda wa Makonde

Wageni waliofika Masasi na Newala katika karne ya 19, na mwanzoni mwa karne ya 20, waliandika mengi juu ya nyuso za wanawake wa huko. Lakini wengi wao walizitazama kama vitu vya ajabu vilivyostahili makumbusho. Swali moja la kawaida halikuwashughulisha. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mwenye shamba la kulima na maji ya kuteka mbali, alikuwa na nafasi gani asubuhi ya kujipamba? Swali ni dogo, lakini jawabu lake lahusu badiliko kubwa katika historia ya nchi hiyo, na lugha yenyewe imehifadhi sehemu ya ushahidi.

Kwanza yafaa kuitazama nchi. Ndanda iko chini, penye maji ya chemchemi, na hapo ndipo Wabenediktini walipoanzisha misheni mwaka wa 1906, baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika vita vya Maji Maji mwaka wa 1905. Juu, kwenye uwanda wa Newala, mambo ni mengine kabisa. Mvua hunyesha, lakini ardhi huyanywa maji yote, wala hapana mto. Wamakonde wenyewe walikuwa na hadithi ya kueleza kwa nini wamekaa huko: mwanamke wa kwanza alizaa karibu na mto, mtoto akafa, akazaa tena bondeni, akafa, alipopanda juu na kuzaa, mtoto akaishi. Basi uhai wa watoto ulilipiwa kwa miguu ya mama zao, walioshuka mteremko kufuata maji na kupanda tena wakiwa na vyombo kichwani. Mabomba yalianza kupanda uwandani katika miaka ya 1950 tu. Kabla ya hapo maji ya kunawa uso yalikuwa maji yaliyohesabiwa.

Mwaka wa 1906 Profesa Karl Weule wa Leipzig alikaa Masasi na Newala, na kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1908 chaeleza mapambo aliyoyaona. Mwanamke wa Kimakonde alikuwa na chale za usoni na mwilini, na katika mdomo wa juu alivaa ndonya, kisahani cha mti kilichoongezwa ukubwa kadiri umri ulivyoendelea. Wamakua walijulikana kwa alama ya mwezi mwandamo katika paji la uso. Wanawake wa Kiyao kwa kipini cha puani. Kazi ya chale ilikuwa ya fundi. Alikata ngozi kwa kisu kidogo, kisha akasugua masizi, hasa yale ya mbegu za mbarika, mpaka alama ikatoka yenye weusi wa kibuluu. Haikumalizika kwa siku moja. Ilirudiwa, na maumivu yake yalikuwa sehemu ya maana yake.

Jambo la kuangaliwa hapa ni wakati. Kazi hiyo kwa kawaida ilianza katika usichana. Mwanamke alipokuwa mama mwenye watoto, sehemu kubwa ya pambo lake lilikuwa limekwisha kufanywa, na hapana jua, jasho wala jembe lililoweza kuliondoa. Kilichobaki cha kila siku kilikuwa mafuta. Mafuta ya mbarika, au mengine yaliyopatikana, hupakwa mtoto kwanza. Yanayobaki viganjani hupita usoni na mikononi mwa mama, na chale zikang'aa. Ni kazi ya dakika chache, wala haitaki maji wala kioo. Mwenye kusema kwamba mama huyo hakujali uzuri wake hajafahamu kwamba uzuri huo ulikuwa umewekewa akiba mapema.

Sasa ushahidi wa lugha. Pambo la kale husemwa kwa Kiswahili katika kauli ya kutendwa: msichana huchanjwa chale, hutojwa, hutogwa masikio, huvishwa ndonya. Yuko mtu mwingine atendaye, naye ni fundi, au bibi, au kungwi, na nyuma yao uko ukoo mzima. Pambo la siku hizi husemwa kwa kiambishi -ji-: mwanamke hujipaka, hujiremba, hujikwatua, hujipodoa. Mtenda na mtendwa wamekuwa mmoja. Si tofauti ya sarufi peke yake. Kazi iliyokuwa ya watu wengi kwa mtu mmoja, mara chache katika maisha, imekuwa kazi ya mtu mmoja kila asubuhi, nayo imeingia katika saa zile zile za uji wa mtoto na safari ya shambani au kazini.

Badiliko hilo halikuja kwa amri moja. Askofu Steere alileta watumwa waliokombolewa Masasi mwaka wa 1876, na katika miaka iliyofuata misheni na shule zikaenea. Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza dayosisi ya Masasi tangu 1926 mpaka 1944, alisifiwa kwa kuupatanisha jando na Ukristo. Mambo ya wasichana yalikuwa magumu zaidi kupatanishwa. Lakini pengine dhihaka ilikuwa na nguvu kuliko mahubiri. Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, walioitwa Wamawia, walikuwa na chale nyingi usoni, nao walichekwa mijini. Kijana wa Newala aliyeyaona hayo hakutamani binti yake achanjwe.

Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na duka. Korosho zilipoleta fedha uwandani, zikaja sabuni, mafuta ya chupa na poda, pamoja na wanja ambao pwani ilikuwa imeuzoea zamani sana, pamoja na liwa na hina. Desturi fupi ya mama mwenye haraka, yaani mafuta, mstari wa wanja, poda kidogo, ni mrithi halali wa yale mafuta ya viganjani; ila sasa yabidi ifanye peke yake kazi iliyofanywa na chale.

Maneno nayo yalihama. Nembo, ambayo Wamakonde huziita dinembo katika wingi, zilikuwa alama za mwilini. Leo nembo ni alama ya taifa, ya chama, au ya kiwanda, hata ile iliyopigwa juu ya kifuniko cha kopo la poda. Vipodozi limekuwa neno la sheria, kama katika Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003. Lakini kauli ya kutendwa haikufa. Siku ya arusi, Newala kama Lindi au Unguja, hakuna asemaye kwamba bibi arusi amejipamba. Amepambwa, na mama yake, aliyejipaka poda upesi alfajiri kabla ya kuteleka vyungu, ni mmoja wa wale waliompamba.