Vita Vilivyoandikwa Nusu: Vitabu vya Vita Kuu katika Afrika Mashariki

Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilianza Afrika Mashariki mwezi Agosti 1914 na kumalizika tarehe 25 Novemba 1918, wakati Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipolisalimisha jeshi lake huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya mapigano kusitishwa Ulaya. Vitabu vya kuvieleza vilianza kutoka kabla havijaisha, na hata sasa vingali vinatoka. Lakini kwa kuwa kila kizazi cha waandishi kilikuwa na la kutetea au la kunyamazia, anayevikusanya hana budi kujua kwanza ni nani aliyeandika, lini, na kwa ajili ya nani.

Waliotangulia kushika kalamu walikuwa washiriki wenyewe. Francis Brett Young, daktari aliyefuatana na majeshi ya Jenerali Jan Smuts wa upande wa Uingereza mwaka 1916, alichapisha Marching on Tanga mwaka 1917. Heinrich Schnee, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alitoa kitabu chake mwaka 1919. Naye Lettow-Vorbeck akatoa kumbukumbu zake mwaka 1920. Kitabu cha Lettow-Vorbeck kilivuma zaidi, kwa sababu kiliwapa wasomaji wa Ujerumani iliyoshindwa kamanda ambaye hakushindwa, na maelezo yake ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ambamo watu wake wapatao 1,000 walikizuia kikosi cha watu wapatao 8,000 kilicholetwa kutoka India, bado yana manufaa. Hata hivyo inafaa kisomwe sambamba na cha Schnee, kwani gavana na kamanda walihitilafiana tangu mwanzo kuhusu kuitetea Tanga yenyewe, na kila mmoja alikuwa shahidi wa hoja yake.

Kundi la pili ni historia rasmi, yaani vitabu vilivyoandaliwa kwa amri au idhini ya serikali kutokana na nyaraka za jeshi. Ubelgiji, ambayo majeshi yake kutoka Kongo yaliingia Tabora Septemba 1916, ilitoa juzuu tatu kati ya 1927 na 1932. Ya Uingereza, iliyokusanywa na Charles Hordern, ilitoka mwaka 1941 ikiishia Septemba 1916, na juzuu ya pili haikuchapishwa kamwe. Kwa hiyo mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917, yaliyokuwa miongoni mwa makali kuliko yote, yalibaki nje ya simulizi rasmi ya taifa lililoongoza vita hivyo. Pengo hilo huzibwa kwa sehemu na Ludwig Boell, ambaye kitabu chake cha Kijerumani, kilichotoka Hamburg mwaka 1951, kinafuata mwendo wa vikosi hadi mwisho, na ndiyo maana mkusanyaji anayesoma lugha moja tu hupata nusu ya habari.

Vitabu vya miaka ya 1960 na 1970 viliandikwa kwa ajili ya msomaji wa kawaida, na vingi vilifuata njia ya kumbukumbu za makamanda bila kuzihoji. Tahadhari zaidi inahitajika kwa Army Diary ya Richard Meinertzhagen, ofisa wa ujasusi wa Uingereza, iliyotoka mwaka 1960, kwa sababu watafiti wametilia shaka ukweli wa shajara zake. Anayetaka mfululizo wa matukio ulio thabiti aanze na Ross Anderson, The Forgotten Front, cha mwaka 2004, kilichorejea kwenye nyaraka zenyewe.

Lakini hata nyaraka hizo ziliandikwa na maofisa, ilhali vita hivi vilibebwa mabegani mwa wapagazi. Geoffrey Hodges, katika The Carrier Corps cha mwaka 1986, aliunganisha kumbukumbu za serikali na masimulizi ya wazee wa Kenya, akaonyesha kwamba kuhara, malaria na unga wa mahindi usioiva viliua wengi kuliko risasi. Vifo vya wapagazi vilivyoandikwa kwa upande wa Uingereza peke yake vilizidi 40,000, na idadi hiyo huhesabiwa kuwa pungufu. Melvin Page alifanya kazi kama hiyo kwa Malawi mwaka 2000, naye Michelle Moyd mwaka 2014 akawachunguza askari wa Wajerumani pamoja na familia zao.

Katika rafu ya mkusanyaji inastahili kuwapo pia kazi ya Kiswahili iliyotangulia vita vyenyewe, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, kwa kuwa unasimulia vita vya pwani vya 1888 na 1889, ambavyo ndivyo vilivyozaa jeshi la askari alilokuja kuliongoza Lettow-Vorbeck. Utenzi huo humwonyesha msomaji jambo ambalo vitabu vya majenerali havikulieleza: jinsi jeshi hilo lilivyoonekana na watu waliovamiwa nalo. Kwa sababu hiyo, mwenye uwezo wa kununua vitabu vitatu tu atafaidika zaidi na Anderson, Hodges na Hemedi kuliko na kumbukumbu tatu za makamanda, kwani wa kwanza atampa mwendo wa vita, wa pili gharama yake, na wa tatu chanzo chake.