Kifaru wa Nanyuki aliyeangusha tovuti

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nifanyeje ili tovuti yangu itembelewe na watu wengi? Leo siwapi orodha ya mbinu. Nawasimulia kisa cha huku kwetu chini ya Mlima Kenya, maana naona wengi wamekisahau.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Kati ya 2004 na 2010 hivi, sisi waandishi wa programu tulikuwa na njia yetu: unaandika makala, unapeleka kiungo Digg, Delicious au StumbleUpon, halafu unamwomba Mungu. Kikipendwa, wageni wanamiminika mpaka seva inapiga magoti. Lakini walikuwa wapita njia. Kesho huwaoni.

Sasa twende Ol Pejeta, hifadhi iliyo karibu na Nanyuki. Desemba 2009 ilipokea vifaru weupe wa kaskazini wanne kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech. Suni alikufa 2014. Wakabaki Sudan, bintiye Najin na mjukuu wake Fatu. Na Sudan ndiye aliyekuwa dume wa mwisho duniani. Mzee wa miaka 43 hazai tena kwa njia ya kawaida. Ilibaki maabara, na maabara inataka pesa: takriban dola milioni 9.

Tarehe 25 Aprili 2017, hifadhi ikishirikiana na Ogilvy Africa ikamweka Sudan kwenye Tinder. Tinder, kama huijui (au unajifanya huijui), ni programu ya simu ya kutafutia wachumba. Picha inajaza kioo kizima, humtaki, unatelezesha kidole kushoto, unamtaka, kulia. Aliyetelezesha kulia kwa Sudan alipewa kiungo cha kuchangia. Tangazo lilienda nchi 190, kwa lugha zaidi ya 40.

Tovuti ya hifadhi ikazidiwa, ikaanguka.

Hapa ndipo nataka tukae. Tangazo la kawaida linapita pembeni ya macho. Kwenye Tinder huwezi kupita bila kuamua, kwa hiyo aliyefika kwenye tovuti alikuwa tayari amesema ndiyo kwa kidole chake. Mgeni wa namna hiyo ni wa thamani kuliko mia wa Digg, na ndiyo maana inauma akikuta mlango umefungwa. Utani umemchekesha sasa hivi, baada ya saa moja umeshapoa. Ukurasa wa picha na maneno unaweza kuutolea nakala na kuzigawa kupitia seva nyingi. Wa malipo hauna njia hiyo: kila mtu lazima ahudumiwe peke yake. Ukipanga kurusha kiungo dunia nzima siku moja, jaribu ukurasa huo kwanza kwa mzigo wa uongo.

Sudan alikufa tarehe 19 Machi 2018, akiwa na miaka 45. Sampuli za vinasaba vyake zilihifadhiwa. Agosti 2019 wataalamu walitoa mayai ya Najin na Fatu hapo hapo Ol Pejeta, na Januari 2024 mradi wa BioRescue ukatangaza kwamba kiinitete cha kifaru mweupe wa kusini kilichopandikizwa kimeshika mimba, ingawa mama aliyekibeba alikufa kwa maambukizi ya bakteria. Najin alistaafishwa kutoa mayai mwaka 2021. Amebaki Fatu.