Gazeti la Anyona

Barabara ya Kisii kwenda Sotik hupita Keroka, mji uliokalia mpaka: upande mmoja Kaunti ya Kisii, upande wa pili Nyamira. Ukiingia Nyamira, kati ya chai na migomba, unaingia nchi ya George Moseti Anyona, ambaye wapiga kura wa Kitutu Mashariki walimtuma Bungeni mwaka 1974.

Hakuwa mwandishi wa habari. Hata hivyo namweka safu moja na wahariri wa London wa karne ya 18 walioandama ufisadi wa serikali, kwa sababu naye alikuwa na gazeti lake: Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Magazeti ya Nairobi siku zile yaliandika kwa woga. Lakini neno lililotamkwa Bungeni lilichapwa na serikali yenyewe, na aliyelinukuu alikuwa na pa kujikinga. Anyona alilijua hilo, akalitumia.

Mei 1977 alikuwa akihoji zabuni ya mabehewa ya reli. Alikamatwa katika viwanja vya Bunge, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. John Wilkes, mbunge na mchapishaji wa The North Briton, naye alikamatwa London mwaka 1763 kwa sababu ya toleo namba 45. Mahakama ikamwachilia siku chache baadaye, ikisema mbunge ana kinga. Miaka 214 ilikuwa imepita, na Bunge letu lilikuwa limefinyangwa kwa mfano wa lile la Uingereza, lakini kinga hiyo haikumfaa kitu mtu wa Kitutu. Jambo hili linaniuma kila ninapolisoma.

Alitoka Desemba 1978. Mwaka 1982, yeye na Jaramogi Oginga Odinga walipotaka kuunda chama cha pili, alirudishwa kizuizini, na Juni Bunge likaharamisha vyama vya upinzani. Julai 1990 akakamatwa tena. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake watatu, Edward Oyugi, Ngotho Kariuki na Njeru Kathangu, wakahukumiwa miaka saba kwa uchochezi dhidi ya serikali. Kumiliki maandishi tu kulikuwa sehemu ya kosa lao.

Watu wa jimbo lake, sasa likiitwa Kitutu Masaba, hawakutishika. Desemba 1992, baada ya yeye kutoka gerezani, walimrudisha Bungeni. Mwaka 1997 alikuwa miongoni mwa wabunge wa IPPG, mazungumzo ya wabunge wa vyama mbalimbali kuhusu mageuzi ya sheria, na mageuzi yaliyozaliwa humo yakafuta kosa hilo la uchochezi dhidi ya serikali katika sheria za Kenya.